Walitaka Nibaki Mfiwa Mpaka Fainali

Mliniacha langoni, robo fainali, mikwaju ya penalti imekwisha, wenzangu wananikimbilia kwa furaha kisha wanasimama ghafla kabla ya kunigusa. Kwa ambaye hakuwapo wiki zilizopita, mambo yenyewe ni haya.

Jina langu ni Mandlenkosi Hadebe, golikipa. Nimeichezea timu kubwa ya Johannesburg, au niseme ukweli, nimelikalia benchi lake misimu mitatu. Nikaumia goti, nikarudi nyumbani Umlazi, Durban, kuidakia Izingwe ya daraja la kwanza. Novemba mke wangu Nomkhosi alifariki kwa nimonia. Nilirudi mazoezini na kitambaa cheusi kwenye mkono wa kushoto wa jezi, kama mwanamume yeyote wa kwetu aliyefiwa na mkewe.

Bwana Xaba akasema mfiwa hakai langoni.

Xaba, kwenye orodha ya wafanyakazi wa timu, ni mtunza vifaa, ingawa sijawahi kumuona akibeba hata koni. Kazi yake ni dawa. Ndiye anayewanyunyizia wachezaji maji ya mitishamba kabla ya mechi, na ndiye anayeamua kama tuingie uwanjani kwa geti au turuke ukuta. Alisema nuksi ya kifo imo mikononi mwangu, na kila mpira nitakaougusa utaichukua nuksi hiyo na kurudi nayo wavuni.

Kocha Magwaza amesomea ukocha Ujerumani. Alimsikiliza Xaba mpaka mwisho, kisha akaniweka benchi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo waliniachia misumari miwili mitupu ya kutundikia nguo, mmoja kila upande wangu. Chupa yangu ya maji ilifungwa utepe ili asije mtu akaichukua kwa kukosea. Nilikuwa naoga wa mwisho.

Kisha Lwandile, kipa kijana aliyechukua nafasi yangu, akavunjika kidole. Hapakuwa na mwingine. Nilirudishwa langoni robo fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, tukafika penalti, na wapinzani wakakosa mbili. Moja ilipaa juu, moja iligonga mwamba. Mimi sikugusa mpira hata mmoja. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu timu nzima ililisahau siku hiyo hiyo.

Jioni ile Xaba aliwakusanya wachezaji akawafundisha somo jipya.

"Nuksi haina upande," aliwaambia. "Ni kama bunduki. Ulizeni tu mtutu umeelekea wapi."

Kwa hiyo sikuwa tena mkosi wa Izingwe. Nilikuwa silaha yao. Misumari miwili iliendelea kubaki mitupu.

* * *

Nusu fainali tulicheza Polokwane, nyumbani kwa wapinzani. Tulikuwa tunaongoza bao moja. Kipindi cha pili beki wetu akamkata mtu miguu ndani ya boksi, na mwamuzi akaonyesha penalti bila kusita.

Mpigaji alikuwa Rabelani. Msimu mzima hakuwa amekosa penalti.

Ninachosimulia sasa sijakisimulia popote. Kwetu mfiwa hatangulizi mkono. Anasubiri asalimiwe, na watu wengi humsalimia kwa mdomo tu, wamesimama mbali kidogo. Rabelani ni Mvenda, si wa kabila letu, lakini alicheza Durban miaka mingi na desturi zetu anazijua.

Nilitoka langoni, nikamfuata pale alipokuwa anauweka mpira, nikamnyooshea mkono. Taratibu, kwa adabu, kama watu wanaotoka kanisani.

Alirudi nyuma. Kisha akaufuta mkono wake kwenye bukta, na wala hatukuwa tumegusana.

Mwamuzi aliniamuru nirudi kwenye mstari. Rabelani akapiga nje, mbali na nguzo kiasi kwamba mwokota mipira alilazimika kukimbia. Tukashinda.

Nilifanya makusudi. Miezi sita walikuwa wamenifanya maiti. Nikaona, kama mimi ni maiti, basi maiti huyu atacheza mpira wake. Njia nzima ya kurudi Durban sikujuta hata kidogo.

Majuto yaliletwa na simu.

* * *

Lakini kabla ya simu kulikuwa na kikao. Jumatatu kocha aliniita ofisini. Xaba alikuwa ameketi kwenye kiti cha mgeni, kwa hiyo nilisimama.

Kitambaa changu kilikuwa kitolewe Jumamosi ya wiki ile, nyumbani kwa wakwe zangu Nquthu. Tarehe ilipangwa tangu siku ya mazishi: miezi sita imekwisha, mbuzi anachinjwa, kitambaa kinachomwa, mjane anaoshwa na kurudi kuwa mtu kati ya watu. Fainali dhidi ya Tshukudu ya Mahikeng ilikuwa Jumapili, Pietermaritzburg. Ruhusa ya Jumamosi nilikuwa nimeshaiomba, na nilikuwa nimeshapewa.

Kocha alianza na sifa, akaendelea na hali ya timu, akafika alikokuwa anakwenda. Alitaka shughuli isogezwe mbele wiki moja.

"Wiki moja tu, Bhungane," alisema. Hilo ni jina la ukoo wetu, na alikuwa hajaniita hivyo tangu Novemba. "Marehemu ameshapumzika. Wiki moja itampunguzia nini?"

Nilimwambia hajapumzika. Hapumziki mpaka kitambaa kitoke, na hilo kila mtu mle ofisini alilijua.

Xaba akasema ndiyo maana kina nguvu.

Nilimwambia kocha kwamba nitakivua Jumamosi na kudaka Jumapili. Akasema nikikivua, sidaki. Nikasema basi amweke Lwandile. Hilo hakulitaka, kwa sababu kidole cha Lwandile kilikuwa kimetoka kwenye bendeji juzi tu, na hata kabla ya kuvunjika, krosi zilikuwa zikimponyoka kama samaki.

Nilitoka nikijua nimeshinda. Mchana simu ikalia.

Alikuwa baba mdogo wa Nomkhosi, Mzee Buthelezi, ambaye sisi humwita Shenge kwa heshima ya ukoo wao. Mama mkwe hazungumzi nami moja kwa moja, wala mimi naye. Ndiyo heshima. Shenge ndiye mdomo wetu.

"Mkwe," alisema, "mama yako hapa anasema alitazama mpira."

Nyuma yake nilisikia sauti ya MaMbatha, mama mkwe mwenyewe. "Mwambie nilitazama wote. Mpaka marudio."

"Anasema mpaka marudio."

"Nimesikia, Shenge."

"Mwambie nimeuona ule mkono. Mwambie sikumzaa Nomkhosi aje kuwa beki wake."

Shenge akakohoa. Hilo hakulirudia.

Aliyoyarudia yalikuwa machache. Jumamosi hakuna shughuli. Kitambaa kibaki hapo kilipo mpaka nijifunze ni cha nani. Nikijaribu kukitoa mwenyewe, nisiwatambue tena kama wakwe, na kaburini nisifike.

Nililazimika kurudi kwa kocha kumwambia kwamba ruhusa ya Jumamosi siihitaji tena. Uso wake ulinawiri. Angenikumbatia kama asingekuwa anaogopa.

* * *

Alhamisi timu ilipumzika. Nikaendesha gari hadi Nquthu.

Gari nililiacha dukani, kwa sababu barabara ya kupanda kwao ilikuwa imeliwa na mvua. Nilipanda kwa miguu, nikasimama nje ya ua, nikaita majina ya ukoo wao kama inavyopasa: Shenge, Sokwalisa. Hakuna aliyejibu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni na redio ilikuwa inasoma habari. Niliita tena. Waliniacha nimesimama mpaka habari zikaisha na bei za mifugo zikasomwa.

Hatimaye Shenge akaja akaniingiza ndani. Niliketi mkekani karibu na mlango, macho chini. MaMbatha alikuwa upande wa pili, anachambua maharage kwenye ungo.

Nilisema yote. Kwamba mkono niliunyoosha kwa kukusudia. Kwamba nilijua Rabelani ataogopa. Kwamba wakati ule sikuwa nikimfikiria Nomkhosi, nilikuwa nikiwafikiria watu waliokuwa wakioga kabla yangu. Shenge aliyapeleka maneno kutoka mkekani kwangu hadi kwenye ungo, umbali wa mikono miwili, bila kuyapunguza.

"Muulize," alisema MaMbatha, "kama alidhani Nomkhosi angecheka."

Shenge aliniuliza.

Nilisema hapana. Nomkhosi alikuwa akitazama mpira kwa ajili yangu tu, na kitu alichokichukia ni golikipa anayepoteza muda. Angezima televisheni.

Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Mbwa akabweka. Pikapu ya timu, ile yenye picha ya chui mlangoni, ilikuwa inapanda kilima kwa gia ya chini.

MaMbatha alitoka nje kupokea wageni. Kwetu mwanamke mfiwa hapokei wageni wa kiume peke yake, kwa hiyo Shenge alimfuata. Mimi nilibaki mkekani. Mlango ulikuwa wazi, na nilisikia kila neno.

Walikuwa Magwaza na Xaba. Walipewa viti uani. Walikuwa wameleta blanketi jipya, unga, sukari na mafuta ya kupikia. Xaba aliuliza hali ya mifugo, akalalamikia barabara, akasifu mandhari, kisha akasema timu imekuja kushukuru.

"Mnashukuru nini?" MaMbatha aliuliza. Hawa hawakuwa wakwe zake. Aliwauliza wenyewe.

"Kwa kumwacha kijana na kitambaa chake mpaka fainali, mama."

"Ahaa. Na mkishinda, kitambaa kitatoka lini?"

Nilimsikia Xaba akikisogeza kiti chake. "Mama, tukipanda Ligi Kuu, ndipo mechi zitakuwa ngumu hasa."

"Msimu mzima?"

"Tutatazama matokeo."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya dirisha. Magwaza, aliyesomea Ujerumani, aliona pana pengo akaingia kulijaza.

"Sisi tunamheshimu sana marehemu, mama. Ametusaidia sana msimu huu."

MaMbatha hakupandisha sauti. Aliwaambia waubebe unga wao na wakunje blanketi lao vizuri lisiguse vumbi, wapate kulirudisha dukani.

"Mwanangu hajasajiliwa na timu yoyote," alisema.

Nilitoka nje. Haikuwa adabu kuendelea kujificha. Kocha aliniona nimesimama mlangoni pekupeku, akasahau kuaga wenyeji.

"Ulikuwa humu?"

"Niko kwa wakwe zangu, kocha. Wewe umefuata nini?"

Aliniambia mkataba wangu unaisha Juni, nina miaka thelathini na mitatu na goti moja zima, na golikipa wa namna hiyo anatakiwa ajue nani rafiki yake. Nilimwambia atangulie, barabara ni mbaya.

Pikapu iliposhuka, MaMbatha aligeuka akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nilipomwoa binti yake. Alikuwa na hasira kiasi cha kumsahau Shenge.

"Jumamosi asubuhi," alisema. "Mbuzi ulete mwenyewe. Na usidhani nimekusamehe. Hawa wamekuzidi ubaya, basi."

* * *

Jumamosi ilikwenda kama zinavyokwenda shughuli za namna hiyo. Niliosha mwili kwa maji ya majani. Nyongo ya mbuzi ilinyunyizwa inapotakiwa. Shenge alimweleza Nomkhosi, kwa jina na kwa majina ya wazee wake, kwamba kazi ya kuliliwa imekwisha na sasa ni kazi ya kulinda nyumba. Kisha akachukua mkasi akakata uzi. Kwenye jezi pini haziruhusiwi, kwa hiyo kabla ya kila mechi nilikuwa nakishona kitambaa kwa mkono wangu. Kilikuwa kimechakaa kuliko nilivyodhani. Kiliungua haraka.

MaMbatha alinipa mkono yeye kwanza. Baada yake wakaja wengine, ukoo mzima, mpaka watoto wa majirani. Kiganja changu kilikuwa kimesahau mikono ya watu inavyopishana: mikavu, ya jasho, ya wanaokamua kama nguo mbichi. Nilimaliza mstari, nikala, nikaondoka mapema kwa sababu nilikuwa na mechi.

* * *

Jumapili nilipoingia chumbani, mazungumzo yalikatika. Wote walitazama mkono wa kushoto.

Beki wetu wa kati, Mpilo, aliinuka, akalichukua begi lake, akaja kulitundika kwenye msumari ulio karibu nami. Wa pili hakuja.

Xaba alikuwa amejiandaa. Alitoa mfukoni kitambaa kipya cheusi, kimekatwa vizuri, kingo zimepigwa cherehani. Alinisemesha kwa upole, kama mtu anayemuuzia mwenzake gari.

"Hiki hakina mtu, Bhungane. Ni kitambaa tu. Wale wa Mahikeng watajuaje?"

"Kama ni kitambaa tu," nilisema, "kivae wewe."

Alicheka kidogo, akakirudisha mfukoni. Niliona mkono wake ulivyokishika kwa ncha za vidole, na nikajua hata yeye haamini kwamba ni kitambaa tu.

Kocha alinianzisha. Msidhani alibadilika. Kidole cha Lwandile kilikuwa hakijapigwa mpira wa kweli hata mmoja, na Magwaza anapenda kushinda kuliko anavyopenda kulipiza kisasi. Alinitaka tu nivae koti jeusi la mvua wakati wa kupasha misuli moto, ili Tshukudu waone kitu cheusi kwa mbali. Nilipasha misuli na jezi.

Mashabiki wetu waliona. Upande wao wa jukwaa ulipoa. Wengi walikuwa wamekuja na vitambaa vyeusi mikononi, wamevifunga kama utani, kama watu wanavyovaa kofia za timu. Nilisikia mmoja akiuliza kwa sauti nani amemvua kipa nguo.

Mechi nitaisimulia kwa matokeo. Tulifunga dakika za mwanzo. Niliokoa kichwa cha karibu, nikaokoa shuti la mtu aliyebaki peke yake na mimi, nikatokea krosi nyingi kuliko nilizotokea mwezi mzima. Hakuna hata mmoja kati ya mipira hiyo uliokoswa na mtu kwa woga. Yote niliidaka au niliipangua, na mikono yangu ilikuwa inauma kwa namna niliyoipenda. Dakika za mwisho mpira ulimgonga Mpilo gotini ukabadili njia, ukaingia. Ikawa bao moja kwa bao moja. Tukaenda dakika thelathini za nyongeza.

Dakika ya mwisho ya nyongeza hizo, mpira ulikuwa umetoka nje. Kila mtu uwanjani alikuwa ameshaanza kuhesabu wapiga penalti. Nikaona ubao wa mabadiliko umeinuliwa.

Namba nyekundu, ya anayetoka, ilikuwa 1. Yangu.

Kando ya ubao alisimama Lwandile, glavu mkononi, tayari kuingia. Kwenye mkono wake wa kushoto kulikuwa na kitambaa cheusi, kipya, kingo zimepigwa cherehani. Walikuwa wamekibandika kwa plasta ya daktari.

Jukwaa letu lililipuka kwa shangwe.

Kwa wasio wa kwetu niseme jambo moja. Lwandile hajafiwa. Hana mke. Baba yake aliondoka zamani na hajulikani alipo. Mtu wa karibu aliyebaki naye hapa duniani ni mama yake, MaZondi, anayeuza mahindi ya kuchoma nje ya uwanja wetu wa mazoezi na hakosi mechi. Anayevaa msiba kabla ya msiba anauita. Hilo hatufundishwi na Xaba. Tunazaliwa tukilijua.

Nilitoka langoni nikatembea kuelekea kwenye mstari. Wachezaji wa Tshukudu walipisha. Kocha alikuwa ananiashiria nifanye haraka.

Nilisimama mbele ya Lwandile, mimi ndani ya mstari, yeye nje.

"Unamlilia nani?" nilimuuliza.

"Kaka, nimeambiwa ni kitambaa tu."

"Nimekuuliza unamlilia nani."

Alitazama jukwaani, na mimi nikatazama alikotazama. Shangwe upande ule ilikuwa imekatika katikati, watu wamekaa, na mwanamke mmoja tu amesimama. MaZondi alikuwa ameweka mikono yote miwili kichwani. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe kwenye jiwe.

Lwandile alikishika kitambaa akakivuta. Plasta ilitoka na vinyweleo. Alikitupa chini, akarudi benchi akajifunika taulo kichwani.

"Mrudishe," Xaba alikuwa anasema. "Kocha, mrudishe Lwandile."

Magwaza alikuja mpaka ukingoni mwa mstari. Aliongea taratibu sana.

"Toka uwanjani."

Nilipokuwa nauguza goti nilisoma kozi ya uamuzi, kwa kukosa kazi nyingine. Sheria ya tatu ya mchezo inasema wazi: mchezaji anayebadilishwa akikataa kutoka, mchezo unaendelea. Hakuna kadi. Hakuna anayemshika mkono.

Mwamuzi alikuja mbio. "Kipa, unatoka au hutoki?"

"Sitoki."

Alimtazama kocha, akamtazama msaidizi wake, akaamuru ubao ushushwe. Sheria aliijua.

"Hadebe," kocha alisema, na safari hii hapakuwa na Bhungane. "Ukirudi kwenye lile lango, hutadaka tena. Si kwangu, si Durban, si popote ambako simu yangu inapokelewa."

"Leo nadaka hapa," nilimjibu.

Niligeuka nikarudi. Ni mwendo mrefu kutoka mstari wa katikati hadi langoni, na mashabiki wa Izingwe waliutumia wote kunizomea. Walinitukana mimi, wakalitukana goti langu. Jina la Nomkhosi hakulitaja hata mmoja, na kwa hilo nawashukuru.

Mpira ulirushwa, ukachezwa mara mbili tatu, filimbi ikalia. Penalti. Tshukudu walishinda kura, wakachagua kuanza.

Aliyekuja alikuwa nahodha wao, Oteng, mtu mrefu wa mguu wa kushoto. Aliuweka mpira, akauzungusha mpaka jina la kiwanda likamwelekea, akarudi nyuma. Mpilo, aliyesimama katikati ya uwanja na wenzetu, ndiye peke yake aliyenipigia makofi.

Oteng aliutazama mkono wangu wa kushoto. Hakukuta kitu. Akainua macho polepole, akanitazama usoni, kama mchezaji anavyomtazama golikipa.

Kisha akaanza kukimbia.